Swichi Ikutambue kwa Kadi, Si kwa Tundu

Muhula uliopita nilisaidia kutunza maabara ya kompyuta. Siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi, mwenzetu mmoja alichomeka kebo, akapata intaneti, lakini seva ya kazi ikakataa kufunguka. Zilibaki dakika arobaini. Kebo ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu, nalo ndilo somo letu leo.

VLAN ni njia ya kuigawa swichi moja iwe mitandao kadhaa isiyoonana. Kila mtandao una namba, kati ya 1 na 4094. Kwa kawaida namba hiyo hufungwa kwenye tundu la swichi: atakayechomeka hapo, yeyote yule, ataingia mtandao huo. Lakini watu huhama meza. Ndiyo maana swichi nyingi zinaweza kumpanga mtu kwa anwani ya MAC ya kadi yake. Anwani hiyo ina biti 48, huandikwa kwa tarakimu na herufi 12, mfano 00-00-5E-00-53-01.

Hatua ni tatu:

1. Unda VLAN. Sisi tulikuwa na 10 ya wafanyakazi, 20 ya wanafunzi, 30 ya wageni.
2. Jaza jedwali: anwani fulani, VLAN fulani.
3. Washa huduma hiyo kwenye tundu, liruhusu VLAN zote tatu bila lebo, kisha weka 30 iwe ya asiyejulikana.

Fremu isiyo na lebo ikiingia, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuitafuta kwenye jedwali. Ikiiona, humpeleka panapomhusu. Isipoiona, humpeleka VLAN ya tundu, yaani kwa wageni.

Sasa kosa langu. Laptopu ina kadi mbili, ya kebo na ya Wi-Fi, na kila moja ina anwani yake. Mimi niliandika ya Wi-Fi. Alipochomeka kebo, swichi haikumjua, ikamweka kwa wageni, ambako intaneti ipo lakini seva haipo. Niliisoma anwani sahihi kwenye swichi yenyewe, nikaiandika VLAN 20, naye akachomoa na kuchomeka upya ili apate IP mpya. Aliwasilisha zikiwa zimebaki dakika sita.

Tahadhari mbili. Kwanza, anwani ya MAC huweza kuigwa kwa programu, kwa hiyo huu ni mpangilio, si kufuli. Penye siri, kama alama za mitihani, tumia 802.1X inayomtaka mtu ajithibitishe. Pili, simu za Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hubuni anwani kwenye Wi-Fi. Ukiona alama ya pili ni 2, 6, A au E, haikutoka kiwandani.

Zoezi: kwenye Windows andika getmac /v, kwenye Linux andika ip link. Hesabu anwani zako. Na kabla hujamwandikisha mwenzio, muulize: utaingia kwa kebo au kwa Wi-Fi?