Sura ya Sita: Ngeli za Mahali (PA-KU-MU)

Malengo ya sura

Baada ya kuisoma sura hii, mwanachuo aweze:

(a) kueleza tofauti ya maana kati ya PA-, KU- na MU-;
(b) kutumia upatanisho wa kisarufi wa ngeli hizi kwa usahihi;
(c) kubainisha asili ya makosa ya wanafunzi katika matumizi ya ngeli za mahali;
(d) kuandaa somo la ngeli za mahali kwa kutumia mazingira ya wanafunzi.

6.1 Utangulizi

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa sababu hiyo mwalimu atakayepangiwa Kasese au Bwera atakutana na wanafunzi wanaozungumza Lukonzo nyumbani, wanaosikia Luganda na Rutooro mjini, na ambao Kiswahili chao cha kwanza ni kile kisikikacho sokoni Mpondwe, mpakani mwa Kongo.

Lugha zote hizo ni za Kibantu, au zina sarufi ya Kibantu. Nazo, kama Kiswahili, zina njia ya kutenga mahali dhahiri, mahali pa jumla na mahali pa ndani. Hoja kuu ya sura hii ni kwamba mwanafunzi wa Kasese haji darasani bila maarifa ya ngeli za mahali. Anayo tayari katika lugha yake. Kazi ya mwalimu ni kumvusha hadi katika viambishi vya Kiswahili sanifu, si kumwanzishia dhana mpya.

6.2 Kifungu cha kusoma

Soma kifungu kifuatacho. Pigia mstari kila neno linaloonyesha upatanisho wa mahali.

*Kule Kwenye Theluji*

Kasese kuna joto. Mstari wa Ikweta unapita kusini mwa mji, na barabara iendayo Bwera huiacha barabara kuu penye njia panda ya Kikorongo ikaelekea magharibi. Hata hivyo, kaskazini-magharibi mwa mji huo kuna milima ya Rwenzori, ambayo vileleni mwake bado mna theluji. Wakonzo huiita theluji hiyo *nzururu*. Kwa mapokeo yao, kule juu ndiko anakokaa Kithasamba, mungu wa mlima.

Huko hakuna hekalu lililojengwa. Mlima wenyewe ndio mahali patakatifu. Kwa jambo hili Rwenzori hutofautiana na Kedarnath, hekalu la Wahindu lililoko India, katika milima ya Himalaya, mita 3,583 juu ya usawa wa bahari, ambako mahujaji hupanda kutoka Gaurikund kwenda kumwabudu Shiva. Lakini yapo yanayofanana. Pote pawili, njia ya kale ni ya miguu, na mpandaji hukiacha chombo chake pale inapoishia barabara.

Njia iliyozoeleka ya kupanda Rwenzori kutoka upande wa Uganda huanzia Nyakalengija. Wapandaji hulala kwanza Nyabitaba, yapata mita 2,650. Kutoka hapo njia hushuka hadi kwenye daraja, karibu na panapokutana mito ya Bujuku na Mubuku, kisha huingia katika mianzi. Humo mna unyevu na kiza hata mchana. Juu zaidi, mitini huning'inia nyuzinyuzi mfano wa ndevu, na jina la mahali paitwapo Nyamuleju linahusishwa na ndevu hizo. Baada ya kibanda cha John Matte, yapata mita 3,500, njia hupita kinamasini, ambamo mguu huzama ukakosa pa kukanyaga. Ndipo wapandaji hufika Bujuku, na kutoka huko hupanda hadi Elena, yapata mita 4,540, ambako miti imekwisha na yamebaki mawe na baridi.

Kilele cha juu kabisa ni Margherita, mita 5,109. Kwa urefu, barani Afrika hakuna milima inayoipita Rwenzori ila Kilimanjaro na Mlima Kenya. Msafara wa Duke wa Abruzzi, kutoka Italia, ulifika kileleni hapo mwaka 1906. Milima hii ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tangu mwaka huo wa 1906 barafu imepungua sana. Mwanasayansi hulitazama jambo hili kama badiliko la tabianchi. Kwa yule aaminiye kwamba huko ndiko aliko Kithasamba, liko swali jingine: theluji ikiisha, patabaki nini pale palipokuwa makao?

6.3 Maana ya viambishi

Chunguza sentensi hizi:

1. Mgeni yupo kibandani.
2. Mgeni yuko kibandani.
3. Mgeni yumo kibandani.

Nomino ni moja, *kibandani*. Kinachobadilika ni namna msemaji anavyopatazama mahali hapo.

PA- huonyesha mahali dhahiri, penye mpaka unaojulikana, aghalabu karibu na msemaji au panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Sentensi ya kwanza yasema kwamba mgeni anapatikana hapo hasa, penye kibanda.

KU- huonyesha mahali pa jumla, pasipo mpaka dhahiri, au palipo mbali. Tena huonyesha uelekeo. Sentensi ya pili yasema kwamba mgeni yuko upande wa kibandani, lakini haituambii kama amekwisha kuingia.

MU- huonyesha ndani. Sentensi ya tatu yasema kwamba mgeni amo ndani ya kibanda, amefunikwa na paa lake.

Tofauti hii si pambo. Tuseme ukungu umeshuka Bujuku jioni, na mpandaji mmoja hajaonekana. Kiongozi wa msafara akipokea ujumbe kwamba mtu huyo *yumo kibandani*, atatulia. Akiambiwa kwamba *yuko kibandani*, ana haki ya kuuliza swali la pili kabla ya kuwarudisha watafutaji. Silabi moja imebeba habari ambayo katika lugha nyingine ingehitaji kirai kizima.

*Zingatia:* Katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi hutumia *-ko* kwa mahali pote. Matumizi hayo yanakubalika pale ambapo muktadha unatosha. Mwalimu asiyahesabu kuwa kosa, bali amfundishe mwanafunzi kuchagua *-po* au *-mo* pale usahihi unapohitajika.

6.4 Jedwali la upatanisho

| Aina | PA- | KU- | MU- |
|---|---|---|---|
| Kionyeshi cha karibu | hapa | huku | humu |
| Kionyeshi cha mbali | pale | kule | mle |
| Kionyeshi cha kilichotajwa | hapo | huko | humo |
| Kimilikishi | pangu | kwangu | mwangu |
| A-unganifu | pa | kwa | mwa |
| Kivumishi (-kubwa) | pakubwa | kukubwa | mkubwa |
| -ote | pote | kote | mote |
| -enye | penye | kwenye | mwenye |
| Kuwa na | pana | kuna | mna |
| Kukanusha kuwa na | hapana | hakuna | hamna |
| Kitenzi (-faa) | panafaa | kunafaa | mnafaa |
| Kirejeshi | panapofaa | kunakofaa | mnamofaa |

Kiambishi MU- huwa *m-* mbele ya konsonanti na *mw-* mbele ya irabu: *mnafaa*, *mwaingia*. Kwa kuwa umbo hili hufanana na kiambishi cha nafsi ya pili wingi, sentensi kama *Mna baridi* huweza kueleweka kwa njia mbili: ninyi mna baridi, au mahali fulani ndani mna baridi. Nomino ya mahali ikitajwa, utata huondoka: *Kibandani mna baridi.*

6.5 Nomino zinazoingia katika ngeli hizi

Ziko namna tatu.

Kwanza, nomino *mahali*. Hii huchukua PA-: *mahali patakatifu, mahali pengi, mahali panapoheshimiwa.*

Pili, nomino za kawaida zilizoongezewa kiambishi tamati *-ni*: *mlimani, msituni, mtoni, kileleni.* Nomino ikishapata *-ni*, huacha upatanisho wa ngeli yake ya asili. *Kibanda* ni cha ngeli ya KI-VI, hivyo twasema *kibanda changu*. Lakini *kibandani* huwa *kibandani pangu, kwangu* au *mwangu*.

Tatu, majina ya pekee ya mahali. Haya hayachukui *-ni*, lakini huweza kuleta upatanisho wa mahali: *Kasese kuna joto, Bwera pana soko.*

6.6 Mahali kama kiima

Nomino ya mahali huweza kutangulia na kukitawala kitenzi. Linganisha:

1. (a) Wapagazi wamelala kibandani.
   (b) Kibandani mmelala wapagazi.
2. (a) Theluji imeanguka kileleni.
   (b) Kileleni kumeanguka theluji.
3. (a) Daraja lilijengwa hapa.
   (b) Hapa palijengwa daraja.

Katika (a) msemaji anazungumza juu ya wapagazi, theluji au daraja. Katika (b) anazungumza juu ya mahali, na habari mpya huja mwishoni. Muundo wa (b) hufaa sana katika maelezo ya safari, kwa sababu msomaji hupelekwa kwanza mahali, ndipo akaonyeshwa kilichopo.

6.7 Lugha za wanafunzi na athari zake

Katika Luganda husemwa *mu nnyumba* (ndani ya nyumba) na *ku mmeza* (juu ya meza). Katika Runyankore viko *omu* na *aha*. Mwanafunzi anayejua Luganda hutambua MU- bila shida, lakini KU- humtatiza: *ku* ya Luganda mara nyingi huonyesha kugusa juu ya kitu, wakati KU- ya Kiswahili sanifu huonyesha mahali pa jumla au mbali.

Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, kisikikacho sana Bwera na Mpondwe, hutumia *ku* na *mu* kama maneno yanayotangulia nomino: *ku soko, mu nyumba.* Kiswahili sanifu husema *sokoni, nyumbani.* Mwalimu asimwambie mtoto kwamba baba yake anayefanya biashara mpakani anaharibu lugha. Usemi ule ni lahaja yenye kanuni zake, nao unaonyesha kwamba mtoto amekwisha kutenga KU na MU. Mwalimu na aseme: “Sokoni Mpondwe tunasema *mu nyumba*, katika mtihani na kitabuni tunaandika *nyumbani*.” Mtoto anayeaibishwa kwa lugha ya kwao hunyamaza, na aliyenyamaza hafundishiki.

6.8 Makosa ya kawaida

| Si sanifu | Sanifu | Sababu |
|---|---|---|
| nyumbani yetu | nyumbani kwetu | -ni huleta upatanisho wa mahali |
| kibandani hiki | kibandani humu, au katika kibanda hiki | kionyeshi hufuata -ni |
| katika msituni | msituni, au katika msitu | kihusishi na -ni havitumiki pamoja |
| mahali mzuri | mahali pazuri | mahali huchukua PA- |
| tulifika Kaseseni | tulifika Kasese | jina la pekee halichukui -ni |

Kosa la kwanza na la pili yana chanzo kimoja: mwanafunzi ameiona nomino ya asili na kusahau *-ni*. Yafundishwe pamoja.

6.9 Mapendekezo ya kufundishia

*Hatua ya kwanza.* Weka kitabu juu ya meza, kisha ndani ya mkoba, kisha kipeleke nje mahali kisipoonekana. Kila mara uliza: “Kitabu kiko wapi?” Wanafunzi wajibu kwanza kwa Lukonzo au lugha nyingine ya nyumbani. Andika majibu yao ubaoni bila kuyasahihisha.

*Hatua ya pili.* Waulize ni sehemu gani ya kila jibu iliyobadilika. Wakishaitaja wenyewe, andika kando yake *kipo, kimo, kiko*.

*Hatua ya tatu.* Chora ubaoni njia ya kutoka Nyakalengija hadi Margherita pamoja na vibanda vyake. Mwanafunzi mmoja awe mpagazi aliyeko juu, mwingine awe kiongozi aliyeko chini. Mpagazi atoe habari za wageni watatu kwa kutumia *yupo, yuko, yumo*. Kiongozi aonyeshe katika mchoro mahali alipoelewa. Akikosea, darasa lijadili ni silabi ipi iliyompoteza.

6.10 Mazoezi

1. Tofautisha maana ya sentensi hizi:
(a) Hapa pana maji. (b) Huku kuna maji. (c) Humu mna maji.

2. Sahihisha, kisha eleza kanuni iliyovunjwa:
(a) Mlimani ile ina theluji.
(b) Tulilala katika kibandani.
(c) Mahali ambayo tulipumzika ni pembamba.

3. Badilisha ili mahali pawe kiima:
(a) Mahujaji wengi wamefika hekaluni.
(b) Matope yamejaa kinamasini.
(c) Wageni wanaingia msituni.

4. Katika kifungu cha 6.2, sentensi ya mwisho imetumia *patabaki* na *palipokuwa*, ingawa makao ya Kithasamba yametajwa hapo awali kwa *kule* na *huko*. Eleza mwandishi amebadili nini katika namna ya kupatazama mahali pale.

5. Kusanya kwa wanafunzi wenzako namna ya kusema “ndani ya nyumba”, “juu ya meza” na “kwetu” katika lugha tatu za Uganda, Lukonzo ikiwa mojawapo. Linganisha na Kiswahili sanifu, kisha bashiri kosa moja ambalo msemaji wa kila lugha huenda akalifanya.

6. Andaa somo la dakika 40 la ngeli za mahali kwa darasa la Bwera ambalo nusu ya wanafunzi wamezoea Kiswahili cha Kongo. Onyesha utakavyotumia maarifa yao bila kuwaaibisha.