Mti na Shahidi Wake

Nani kati yetu hajaliona jambo hili? Siku ya kupanda miti mjini wakubwa huja, ngoma hupigwa, hotuba husomwa, na miche hutiwa ardhini mbele ya umati wa watu. Pita njia ile ile baada ya miezi sita: waona mashimo matupu na vijiti vikavu vilivyotafunwa na mbuzi. Tusiwalaumu mbuzi. Yafaa tujiulize: miti ile ilikuwa ya nani? Twajibu kwamba ilikuwa ya watu wote. Na kitu cha wote, kisipopata mlinzi, huwa si cha mtu ye yote.

Hasara yake si ndogo. Mti hunyonya maji ardhini na kuyatoa majanini kama mvuke, na kazi hiyo huipoza hewa. Kivuli chake huzuia jua lisiichome lami na kuta. Mji usio na miti hushika joto la mchana hata usiku, nao wanaoteseka kwanza ni watoto, wazee na wachuuzi wa kando ya barabara.

Leo twapenda kuwaeleza habari za mji wa Kassel, katika Ujerumani, ambako msanii mmoja aliutafutia ugonjwa huu dawa. Mnamo Oktoba 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mji huo, na baada ya vita ukajengwa upya. Tangu mwaka 1955 hufanyika huko maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta. Katika maonyesho ya saba, mwaka 1982, Joseph Beuys hakuleta picha ya kutundika ukutani. Alileta mawe 7,000.

Yalikuwa mawe ya basalti, jiwe gumu lililozaliwa na moto wa volkeno, nayo yalikuwa marefu mfano wa nguzo. Yalirundikwa uwanjani, mbele ya jumba la makumbusho liitwalo Fridericianum. Sharti lilikuwa moja: jiwe lisiondolewe rundoni ila mti umepandwa mahali fulani mjini, na jiwe hilo lisimamishwe kando ya mti huo. Kazi yenyewe iliitwa Mialoni 7,000, kwa jina la mti ule tunaousoma katika habari za Abrahamu, ingawa miti ya aina nyingine pia ilipandwa.

Watu wengi walichukizwa. Walinung'unika kwamba uwanja wao umeharibiwa, na wengine waliogopa kwamba miti itawanyang'anya nafasi za kuwekea magari. Lakini hapo ndipo palipofichika hekima. Aliyechukia kuliona rundo alikuwa na njia moja tu ya kulipunguza, nayo ni kupanda mti. Deni la mji halikuandikwa katika daftari la ofisini; liliwekwa hadharani, na kila mpita njia aliweza kuona limelipwa kiasi gani na limebaki kiasi gani.

Aliyetaka kuchangia alitoa Mark 500 kwa mti mmoja pamoja na jiwe lake. Wakazi, shule na vyama vya mitaa walipendekeza mahali pa kupanda. Msanii mwenyewe hakukaa akiwatazama wengine. Mwaka huo huo wa 1982 aliyeyusha mbele ya watu nakala ya dhahabu ya taji la Ivan, mtawala wa kale wa Urusi, akaisubu sanamu ya sungura, nayo ikauzwa ili kupata fedha za miti. Alifariki Januari 1986, kazi haijaisha. Mwaka 1987 mwanawe aliupanda mti wa mwisho kando ya ule wa kwanza, na rundo lote likawa limekwisha.

Twaona mafundisho gani hapa? Mche ulipopandwa ulikuwa mwembamba, na jiwe ndilo lililoonekana. Miaka ikapita: jiwe likabaki na kimo chake, mti ukalipita mbali. Hata mtoto aweza kupima kwa macho jinsi mti ulivyokua. Tena jiwe ni shahidi. Lamwambia mpita njia kwamba mti huu haukuota kwa bahati, kuna mtu aliyeutolea mali yake. Basi atakaye kuukata na aeleze sababu.

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo ya matajiri, fedha za mawe zingefaa zaidi kununulia miche. Twamjibu kwamba mara nyingi mche si kitu cha gharama kubwa. Kilicho adimu ni mtu wa kuutilia maji wakati wa kiangazi. Jiwe si lazima. Kilicho lazima ni alama inayowakumbusha watu ahadi yao. Shule yaweza kuchora ukutani mti mkubwa usio na majani. Kila mche uliopandwa mtaani ukitimiza mwaka ukiwa hai, watoto wachore jani moja, na chini yake jina la nyumba iliyoutunza. Mche ukifa, jani lisichorwe. Ukuta huo utasema kweli kuliko hotuba nyingi, na mzazi apitaye atataka kujua kwa nini jina la nyumba yake halipo.

Basi, tuache kujisifu kwa hesabu ya miti iliyopandwa. Tuhesabu iliyo hai, tena tuihesabu mbele ya watu wote. Jioni hii, kila baba na mama na awaulize watoto wake: kati ya miti ya mtaa wetu, ni upi ulio mikononi mwetu?