Bodi mbili, anwani moja

Swali: Raspberry Pi 4 yangu inasoma saa ya DS3231 vizuri. Nikiongeza kihisi mwendo cha MPU6050, vyote vinavurugika. Je, pini 40 hazitoshi?

Jibu: Pini zinatosha, kinachogongana ni anwani. Vifaa vyote viwili hupita njia ya I2C, yaani pini ya 3 na ya 5. Njia hiyo hubeba vifaa vingi, mradi kila kimoja kiwe na anwani yake. Hivyo vyako vyote huitikia 0x68, kama wapangaji wawili wenye jina moja.

Unganisha pini ya AD0 ya MPU6050 na volti 3.3 (si 5, tafadhali!), nayo itahamia 0x69. Andika i2cdetect -y 1 uhakikishe. Ukiona UU mahali pa 68, usishtuke: mfumo umeshaishika saa. Usisahau kubadilisha anwani kwenye programu yako pia. Hapo ndipo wengi hukwama.

Bodi za sauti ni habari nyingine. Nyingi hutumia GPIO 18 hadi 21, kwa hiyo kupachika mbili kwa pamoja mimi nisingejaribu.