Kutoka Manda Hadi Langoni: Namna ya Kupanga Safari ya Mbuga ya Wanyama

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa familia, shule na vikundi vya Manda, Amu na visiwa jirani

Kijitabu hiki ni cha nani

Kila siku ndege hutua Manda zikiwa na wageni waliotoka kuona wanyama, na nyingine huruka kuwapeleka huko. Wakazi wengi wa kisiwa hiki wameibeba mizigo yao na kuwavusha kwa mashua, lakini wao wenyewe na watoto wao hawajawahi kukanyaga mbuga. Mbuga za kitaifa ni amana ya wananchi wote, na ndiyo sababu raia hutozwa ada ya chini kuliko mgeni. Tunataka mzazi, mwalimu au kiongozi wa kikundi aliyeko Manda aweze kuipanga safari hiyo mwenyewe, kwa pesa zake, bila kupotezewa muda wala kuhatarisha maisha ya mtu.

Kanuni yetu ni moja: panga safari kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Anza na saa ambayo lango la mbuga hufungwa. Kutoka hapo rudi nyuma hatua kwa hatua, hadi ufike kwenye saa ya kupanda mashua. Mtu wa bara akichelewa atapata gari lingine. Mtu wa kisiwani hungoja chombo, maji na basi, na saa moja aliyoichezea gatini inaweza kumgharimu siku nzima mbele ya safari.

Hatua ya 1: Chagua pa kwenda

*Tsavo Mashariki.* Kwa anayetaka kuona wanyama wakubwa na kusafiri kwa barabara, hii ndiyo mbuga tunayoipendekeza kwanza. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1948, na upande wake wa mashariki pekee una zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Hapa utaona tembo walioiva wekundu kwa vumbi la ardhi ya Tsavo, nyati, simba, twiga, choroa, swala twiga na tandala mdogo. Mto Galana hupita ndani yake na kuunda Maporomoko ya Lugard. Kuna jambo jingine la kumgusa mtu wa pwani ya kaskazini: paa aitwaye hirola, ambaye asili yake ni nchi ya Garissa na Tana, alihamishiwa Tsavo Mashariki mwaka 1963 na tena mwaka 1996 ili kizazi chake kisitoweke.

*Malindi, Watamu na Arabuko Sokoke.* Hizi zinafaa kwa bajeti ndogo na watoto wadogo, kwa sababu zote ziko upande wa Malindi na hazihitaji mwendo mrefu wa ziada. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Msitu wa Arabuko Sokoke una ndege adimu, vipepeo, na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu.

*Kiunga.* Hii ni hifadhi ya bahari iliyo katika kaunti yetu, iliyoanzishwa mwaka 1979. Ina matumbawe, mikoko, kasa wanaotaga mchangani na nguva, ambaye sasa ni nadra sana kumwona. Safari yake ni ya mashua tupu. Lakini eneo hili linapakana na Somalia, kwa hiyo usiondoke bila kuuliza hali ya usalama kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na kwa polisi.

*Boni na Dodori.* Hifadhi hizi mbili zilitangazwa mwaka 1976, na Dodori inajulikana kwa nyamera. Ziko karibu nasi kwenye ramani, ila msitu wa Boni umekuwa eneo la operesheni ya usalama tangu mwaka 2015. Usizipange kama safari ya matembezi mpaka mamlaka zitakaposema njia ni salama.

Hatua ya 2: Chagua msimu na maji

Wanyama huonekana vizuri wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi na maji yakiwa yamebaki mtoni na kwenye mabwawa. Kwa Tsavo, miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, na wakati wa vuli, Novemba na Desemba, nyasi hurefuka, wanyama hutawanyika na njia za ndani hujaa matope.

Mvua huathiri pia barabara yetu ya kutokea. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 yalifunika sehemu za barabara katika nyanda za mto Tana na kukwamisha abiria wa Lamu. Ukisafiri miezi ya mvua, weka siku moja ya akiba na pesa ya kulala njiani.

Kwa Kiunga, kalenda ni nyingine. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka. Wakati wa kaskazi maji hutulia zaidi. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, una maji machache: chombo hupita maji yakijaa na hukwama yakipwa. Muulize nahodha mapema saa za maji kujaa kwa siku ya kwenda na ya kurudi, na umuulize pia kama siku hizo ni za bamvua au za maji mafu.

Angalia na kalenda ya watu. Siku za Maulidi ya Lamu, sikukuu za Idi na mwanzo wa likizo za shule, mabasi hujaa. Safari ndefu ya barabarani katika Ramadhani huwachosha waliofunga; ikiwezekana, isogezeni.

Hatua ya 3: Chagua njia

*Njia ya Malindi.* Vuka kutoka Manda hadi Mokowe, panda basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi. Ni zaidi ya kilomita 200. Lala Malindi. Kesho yake ondokeni kwa gari la kukodi kabla ya jua kuchomoza kuelekea Lango la Sala, kiasi cha kilomita 110. Dereva awe anayeijua njia hiyo, na gari liwe la juu, lenye tairi nzima na tairi ya akiba.

*Njia ya Voi.* Endelea na basi hadi Mombasa na ulale huko. Asubuhi panda treni ya SGR katika kituo cha Miritini, ile inayosimama vituo vya kati, na ushuke Voi. Lango la Voi liko karibu na mji, na magari ya kukodi yenye madereva wazoefu hupatikana. Njia hii ina mwendo mrefu zaidi, lakini humpunguzia dereva na abiria uchovu wa barabara mbovu. Kata tiketi ya treni siku kadhaa kabla na uthibitishe saa ya kuondoka.

*Njia ya ndege.* Mwenye uwezo anaweza kuruka kutoka Manda hadi Nairobi na kutembelea Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, iliyotangazwa mwaka 1946 na iliyopakana na jiji lenyewe. Ndege ndogo huruhusu mzigo mwepesi, mara nyingi kilo 15, katika begi laini.

Kwa njia yoyote ya barabara, safiri mchana. Kabla ya kuondoka, uliza polisi au ofisi ya chifu kuhusu hali ya barabara ya Lamu hadi Garsen, na utii maelekezo ya vizuizi na misafara ya ulinzi. Hakikisha kila mtu mzima ana kitambulisho mkononi, wala si ndani ya begi lililo chini ya basi.

Hatua ya 4: Hesabu saa kutoka langoni

Malango ya Tsavo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Mwendo wa juu ndani ya mbuga ni kilomita 40 kwa saa. Kwa hiyo ukiwa kilomita 60 kutoka langoni, unahitaji saa moja na nusu bila kusimama. Na utasimama, maana tembo wakivuka njia hakuna wa kuwaharakisha. Geuzeni gari kuelekea lango la kutokea saa 9 alasiri. Wanyama wengi hutembea asubuhi mapema na jioni. Saa za jua kali hupumzika kivulini, nanyi fanyeni vivyo hivyo kwa chakula na swala katika sehemu zilizoruhusiwa.

Hatua ya 5: Fedha na karatasi

Andika bajeti yenye mafungu haya, bila kuacha hata moja: mashua ya kwenda na kurudi, basi au treni, gari la kukodi, dereva na mafuta, ada ya kila mtu langoni, ada ya gari, ambayo hutegemea idadi ya viti, malazi, chakula, na akiba ya dharura.

Ada za mbuga hubadilika. Zisome katika tovuti ya KWS wiki unayosafiri, wala usitegemee bei uliyoambiwa na aliyekwenda mwaka jana. Malipo hufanywa kwa njia ya eCitizen. Malango hayapokei pesa taslimu. Lipieni mkiwa bado mjini, ambako mtandao una nguvu, na muihifadhi tiketi katika simu mbili. Ili kupata ada ya raia, onyesha kitambulisho au pasipoti. Kwa watoto, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Shule ziandike barua kwa KWS mapema, zikitaja idadi ya wanafunzi na walimu.

Gari ndilo gharama kubwa, na gharama yake ni ileile likibeba watu wawili au saba. Kwa hiyo changeni. Kikundi kinachoweka akiba kila mwezi kitafika mbugani mwaka huuhuu, ilhali mtu mmoja atabaki akiisubiri safari hiyo miaka.

Hatua ya 6: Vya kubeba

- Jaketi la kuokolea kwa kila abiria wa mashua, watoto kwanza. Hili si la hiari.
- Maji ya kutosha katika chupa za kudumu. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020.
- Chakula cha halali mlichokipika au kukinunua mjini. Ndani ya mbuga maduka ni machache.
- Dawa za kila siku za wazee na wagonjwa, chandarua au dawa ya mbu, na kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Kofia, nguo za rangi tulivu, koti jepesi la alfajiri, na darubini moja ya kugawana.

Hatua ya 7: Adabu za mbugani

Msishuke garini isipokuwa pale palipoandikwa kuwa panaruhusiwa. Msiwalishe wanyama, wakiwemo nyani. Tembo akitandaza masikio na kutikisa kichwa, dereva arudi nyuma taratibu. Msipige honi, msirushe droni, msitupe taka. Kule Kiunga na Watamu, msikanyage matumbawe, msiokote kombe, na msimguse kasa wala mayai yake. Haya ni matakwa ya sheria, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali.

Zoezi kabla ya safari

Watoto wapelekwe kwanza Takwa, magofu yaliyo hapahapa Manda. Mashua huingia mkono wa bahari wa Takwa maji yakijaa tu, kwa hiyo watajifunza kupanga saa, kubeba maji, kuvaa jaketi na kusikiliza kiongozi. Kikundi kilichoweza Takwa bila kukwama kiko tayari kwa Tsavo.

Wito wetu

Mzazi, mwalimu, kiongozi wa kikundi: keti na wenzako wiki hii, chagueni mbuga moja na mwezi mmoja, na mtu mmoja apewe kazi ya kutunza akiba. Mtoto wa Manda aliyemwona tembo kwa macho yake atajua kwa nini nguva na kasa wa bahari yake nao walindwe.