Jibu la Maabara Mgonjwa Akiwa Mezani: Uchunguzi wa Haraka wa Uvimbe wa Ovari

Uvimbe wa ovari hauna dalili za peke yake. Tumbo hujaa, mgonjwa hushiba upesi, huenda haja ndogo mara kwa mara, na kinena humuuma. Ultrasaundi huonyesha ukubwa wa uvimbe na kama una maji au nyama ndani yake, lakini haiwezi kuthibitisha kuwa seli zake ni za saratani. Uvimbe unapoonekana kuwa bado umo ndani ya ovari, kuuchoma sindano ili kutoa kinyama huepukwa, kwa kuwa yaliyomo yanaweza kumwagika tumboni na kueneza ugonjwa. Hivyo swali hubaki wazi mpaka tumbo lifunguliwe, na hapo mpasuaji hukabili uamuzi usioweza kurudishwa nyuma: kuondoa ovari moja tu, au kuondoa zote mbili pamoja na kizazi.

Uchunguzi wa haraka wa tishu hutoa jibu katika muda huo. Uvimbe ukishatolewa, hupelekwa maabara ukiwa mbichi, bila kutiwa formalini. Mtaalamu wa patholojia huutazama kwa macho, huchagua sehemu yenye mashaka zaidi, na kipande chake hugandishwa kwa baridi ya nyuzi takriban 20 chini ya sifuri katika mashine iitwayo kriostati. Hukatwa vipande vyembamba mno, hupakwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Dakika 20 hadi 30 baadaye jibu hurudi chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa bado amelala kwa dawa ya usingizi. Njia hii si ngeni: Louis Wilson wa Mayo Clinic, Marekani, alichapisha namna yake ya kupaka rangi tishu zilizogandishwa mwaka 1905.

Je, jibu hilo linaaminika? Mapitio ya Cochrane yaliyotolewa mwaka 2016 yalikusanya tafiti 38 zenye wanawake zaidi ya 11,000. Kwa makadirio yake, kati ya wanawake 1,000 ambao 290 wana saratani, uchunguzi huu hugundua 261 na kuwakosa 29. Wasio na saratani wanaoambiwa kuwa wanayo ni wanne tu. Neno “saratani” kutoka maabara, basi, lina uzito mkubwa kuliko neno “si saratani”.

Makosa mengi hutoka kwenye uvimbe mkubwa wenye ute. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuwa na uzito wa kilo kadhaa, upande mmoja ukiwa salama na mwingine ukiwa umekwisha kugeuka saratani, ilhali kwa dakika 20 mtaalamu husoma kipande kimoja au viwili. Kuna pia uvimbe wa mpakani, usio salama kabisa wala saratani kamili. Jibu hilo likitolewa, baadhi huja kuthibitika kuwa saratani uchunguzi kamili unapofanyika. Katika Kanda ya Ziwa lazima kuongezwe jambo lingine. Kifua kikuu cha tumbo huleta maji tumboni, vinundu kwenye utando wa tumbo, hata kupanda kwa kipimo cha damu cha CA-125, na kufanana mno na saratani ya ovari iliyoenea. Kichocho nacho huweza kukaa kwenye ovari. Mwanamke asipoteze uzazi wake kwa ugonjwa unaotibika kwa vidonge.

Kwa mgonjwa wa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, haya yote huanza kabla ya kisu. Uvimbe wenye dalili za mashaka, yaani wenye nyama ndani, wa pande zote mbili, au unaoambatana na maji tumboni, unastahili rufaa mapema kuelekea hospitali ya mkoa au Bugando, Mwanza, badala ya kufunguliwa kwanza na kurufaiwa baadaye. Dharura, kama ovari iliyojisokota, haisubiri safari. Hapo busara ni kutenda kidogo: kutoa uvimbe bila kuupasua, kukusanya maji ya tumbo, kukagua ovari ya pili na utando wa tumbo na kuandika kilichoonekana. Kwa msichana au mwanamke ambaye bado anataka watoto, ovari iliyo nzima na kizazi viachwe. Upasuaji wa pili ni mzigo, lakini unawezekana. Kurudisha ovari haiwezekani.

Kisha tishu yote ipelekwe patholojia katika formalini isiyopungua mara kumi ya ujazo wake, ndani ya chombo chenye mdomo mpana.

Mgonjwa naye aelezwe kabla ya kusaini ridhaa: nini kitatolewa jibu likiwa saratani, nini kitaachwa likiwa la mashaka, na kwamba jibu kamili huja siku au wiki kadhaa baadaye. Katika ukanda wa machimbo, kuanzia Maganzo hadi Geita, familia nyingi huhama kufuata kazi, na majibu hukaa kabatini mwenyewe akiwa mbali. Namba mbili za simu, yake na ya ndugu asiyehama, ziandikwe kwenye fomu ya maabara siku ileile ya upasuaji.