Ufahamu: Gesi ya Kiyoyozi cha Gari

Soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali yote. (Alama 15)

Dereva mmoja wa teksi mjini Mombasa alinunua gari lililotumika kutoka Japani. Mwezi wa Februari, joto lilipopamba moto, kiyoyozi kilianza kupuliza hewa vuguvugu. Fundi akamwambia, "Gesi imeisha," akajaza, akalipwa. Baada ya majuma matatu hali ikawa ile ile. Dereva akajaza tena na tena.

Gesi ya kiyoyozi si kama petroli, haichomwi. Huzunguka katika mfumo uliofungwa. Kompresa huigandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipunguza joto ikawa kioevu, kisha hupita kwenye vali nyembamba na kugeuka mvuke baridi unaopoza hewa ya ndani. Ikipungua kwa majuma machache, basi pana mahali inapovujia.

Wapo wanaojijazia gesi kwa kopo. Kopo huunganishwa upande wa shinikizo la chini, ambao kifuniko chake huandikwa L. Likiunganishwa upande wa H laweza kupasuka. Gesi ya R-134a inayochemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri huunguza ngozi na macho kwa baridi, hivyo miwani na glavu ni lazima. Zaidi ya hayo, gesi ikizidi kiasi huharibu kompresa.

Gereji yenye mashine hunyonya gesi iliyosalia, hutoa hewa na unyevu hadi pawe na ombwe, kisha hujaza kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ombwe lisipodumu, fundi hujua pana uvujaji.

Gesi ya zamani, R-12, iliharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. R-134a haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake huongeza joto duniani zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kabonidioksidi. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi za aina hiyo.

Hatimaye fundi mwingine aligundua mpira mdogo wa kiungo uliochakaa. Bei yake ilikuwa ndogo. Hata hivyo, mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na yalikuwa yamevuja pia. Kompresa ilikuwa imekwisha kusagika, na dereva akalazimika kununua nyingine.

Maswali

(a) Kwa nini kauli "gesi imeisha" ilimpotosha dereva? (alama 2)
(b) Eleza hatari mbili za kujijazia gesi kwa kopo. (alama 4)
(c) Taja mambo matatu yanayofanywa na gereji yenye mashine. (alama 3)
(d) "R-134a haidhuru ozoni, kwa hiyo iachiliwe tu angani." Pinga kauli hii. (alama 2)
(e) Taja methali inayoafiki yaliyompata dereva na uithibitishe. (alama 2)
(f) Eleza maana ya: (i) lilipopamba moto (ii) ombwe. (alama 2)

Majibu

(a) Gesi haitumiki ikaisha, ilikuwa ikivuja. Kauli hiyo ilimfanya ajaze badala ya kutafuta uvujaji.
(b) Kopo kupasuka likiunganishwa upande wa H. Ngozi au macho kuungua kwa baridi. Kompresa kuharibika gesi ikizidi. (Zozote mbili, 2 × 2)
(c) Kunyonya gesi iliyosalia. Kutoa hewa na unyevu. Kujaza kwa uzito uliopimwa.
(d) Ingawa haidhuru ozoni, huongeza joto duniani kupita kabonidioksidi.
(e) Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakubadilisha mpira wa bei ndogo, akanunua kompresa.
(f) (i) lilipozidi sana (ii) mahali pasipo na hewa wala kitu chochote.

Dokezo: Katika (d) watahiniwa wengi hutaja ozoni pekee wakapoteza alama. Soma neno "lakini" kwa makini. Jibu hufuata baada yake.