Panda, Panga, Panya

Mwandikie mtoto wa darasa la pili maneno haya matatu: panda, panga, panya. Yote yana herufi tano, yote yanaanza na "pan", na hatayachanganya hata mara moja. Panga analiona kila siku nyuma ya mlango. Panya anamsikia usiku juu ya magunia ya alizeti. Vitu alivijua kwanza, herufi zikaja baadaye.

Mtoto huyohuyo akimaliza darasa la saba hapa Ihanja na kuingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, na mambo yanakuwa kinyume: herufi zinatangulia, kitu hakionekani. Binti wa dada yangu alirudi nyumbani na karatasi ya jaribio la fizikia. Alikuwa ameeleza vizuri kabisa jinsi kioo kinavyorudisha mwanga, lakini jina aliloliandika ni "refraction" badala ya "reflection". Alama hakupata. Dada akasema mtoto hasomi. Mimi niliona anasoma sana, ila macho yake yalishika mwanzo wa neno na urefu wake, yakakisia yaliyobaki. Tangu hapo tunakaa pamoja jioni, na haya ndiyo yaliyotusaidia.

Chukua daftari la hesabu lenye vyumba. Andika maneno mawili yanayochanganya, moja juu ya lingine, kila herufi katika chumba chake. Sasa paka rangi vyumba ambavyo herufi za juu na chini hazilingani. Kwa "reflection" na "refraction" ni vyumba viwili tu kati ya kumi, cha nne na cha tano: "le" na "ra". Kwa "conduction" na "convection" ni vilevile, cha nne na cha tano: "du" na "ve". "Transpiration" na "translocation" zina herufi 13 kila moja, na tofauti ni tatu za katikati, "pir" na "loc". Mtoto akiona hivyo kwa macho yake hofu inapungua. Alidhani ana herufi 26 za kukariri, kumbe kazi iko kwenye sita.

Kisha zipe herufi hizo kitu anachokijua. Hapa usiharakishe, maana ndipo kazi ilipo. "Reflection" ina ndugu anayepita barabarani kila siku: reflekta, ile fulana ya bodaboda inayowaka taa ikiimulika. Inarudisha mwanga ulikotoka, na jina lake lina "fle". Kwa "conduction" tumia kondakta. Basi la kwenda Singida mjini likijaa, abiria wa nyuma hawezi kusogea, kwa hiyo nauli yake inapita mkono kwa mkono mpaka imfikie kondakta. Watu wamebaki palepale, pesa imesafiri. Ndivyo joto linavyopita kwenye kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya uji: chembe zinapokezana, hazihami. "Convection" ni pale chembe zenyewe zinapohama na joto lao, kama maji ya moto yanavyopanda juu ya sufuria na ya baridi kushuka.

"Translocation" ni rahisi kuliko zote. Kila mwenye simu amewahi kuambiwa, "Nitumie location." Chakula kilichotengenezwa kwenye jani la alizeti kinapelekwa sehemu nyingine, kwenye mizizi au mbegu. Maji yanayotoka kwenye jani kama mvuke, hiyo ni "transpiration".

Utaona kwamba kila jozi nimeipa ndoano moja tu. Ukimpa mtoto ndoano mbili, zenyewe zitachanganyika. Kati ya maneno mapacha ya jozi, mfunge pacha mmoja kwa nguvu, aliyebaki atajulikana kwa kubaki. Kwenye jiografia yapo mawe ya mapangoni kama yale ya Amboni, Tanga: "stalactite" na "stalagmite". Shika "m" ya "stalagmite" iwe mmea. Huo unaota kutoka chini kwenda juu. Mwingine lazima uwe unaning'inia.

Kemia ina shida yake, kwa sababu tofauti iko mkiani. "Sulphide", "sulphite" na "sulphate" zina herufi nane nane. Ya kwanza haina oksijeni, ya pili inayo, ya tatu inayo zaidi. Hapo paka rangi herufi tatu za mwisho, uendelee.

Maneno madogo kama "quiet" na "quite" hayana kitu cha kushika. Haya yasome mara mbili: mara moja kama Waingereza wanavyotamka, mara ya pili kama yameandikwa kwa Kiswahili, herufi kwa herufi: "kuieti", "kuite". Vivyo hivyo kwa "through" na "thought". Matamshi ya pili ni ya mkono tu, ya kuandikia, na mwambie hivyo asije akayasema darasani. Kama ulimi wake hubadilisha l na r, zoezi hili ni la lazima, kwa maana sikio pekee halitamwokoa kwenye "le" na "ra".

Tahadhari moja kuhusu kamusi. Maneno haya hukaa jirani ndani yake, na anayetafuta kwa herufi tatu za mwanzo huishia kwa jirani. Kidole kiteremke mpaka herufi ya mwisho ndipo asome maana. Na usimfundishe mapacha wote wawili siku moja. Mmoja akae wiki nzima, akishazoeleka ndipo umlete mwenzake kwenye vyumba.

Unapompima usimtajie neno ukamtaka maana. Mpe kitu, atoe jina. Jumapili nilichomeka kijiti kwenye ndoo ya maji nikampa kalamu. Akaandika "ref", akasimama. Akatazama kijiti kilichoonekana kimevunjika pale kinapoingia majini, akatikisa kichwa, akasema, "Mjomba, hii siyo reflekta." Akaandika "ra".